Pole ya Juma

Alhamisi usiku, Upplands Väsby

Ile pole ya Juma bado inanikera. Nimeingia kwenye banda la farasi asubuhi, na Juma, ambaye ndiye anayemtunza farasi wangu, akaniangalia kwa huruma akasema, "Pole, dada."

"Pole ya nini?"

"Pole na kazi tu."

Kazi gani? Nilikuwa sijavua hata koti. Pole na kazi haambiwi mtu anayeingia.

Bingwa wa mbio za farasi za kuruka viunzi bado ni mimi, lakini siku hizi nikipita watu wananyamaza. Kocha amenichekea, eti bega langu linahitaji kupumzika. Bega lilishapona. Nimemjibu sawa, basi.

Halafu nikachukua tandiko langu. Vikuku vyake vya kuwekea miguu vilikuwa vimefupishwa. Mimi nina miguu mirefu. Kuna mtu mfupi amempanda farasi wangu, na mbio ni Jumapili.

Naogopa, niseme ukweli. Bila yule farasi mimi ni nani hapa?

Sijamwuliza mtu. Nimevirudisha vikuku kwenye urefu wangu nikaondoka. Kesho nikivikuta vimepanda tena, nitajua Juma alikuwa ananipa pole ya msiba.