Betri Yako Nimeiua

Baba,

Bado nakuita hivyo, hata kama watu wa Kosele wanacheka mzee mwenye mvi akimwita mwanawe Baba. Nilikupa jina la baba yangu, Obiero, na ulipokuwa mchanga ukilia bila kunyamaza nilikuwa nakuambia, "Baba, si ulinichapa ya kutosha ukiwa hai? Sasa niache." Nakuandikia kwa Kiswahili changu cha darasa la tatu. Kijaluo kinaniliza kabla sijamaliza mstari. Hiki tulizoea kukiongea na makarani, kinanikalisha wima.

Nina jambo la kuungama. Betri yako nimeiua.

Ile ya ndege, nzito kuliko mahubiri ya Sabato, uliyokuja nayo likizo baada ya wakubwa wako wa karakana ya ndege Nairobi kusema imechoka, haifai tena kuruka. Ukaiweka ndani ya simba yako, nyumba yako ya kijana pale karibu na lango, ukavuta waya mpaka kwa taa ndogo iliyotoka kwenye ndege hiyo hiyo. Mimi nikasimama mlangoni, maana baba haingii ovyo nyumbani kwa mwanawe. Wewe ukakaa kitandani ukanifundisha kama mwalimu.

Nilikutania. Nikasema, "Kumbe kazi yote hiyo ni kuwasha koroboi mbinguni!" Hukukasirika. Ulichora sakafuni kwa kidole. Injini inazungusha jenereta. Jenereta inatoa umeme, umeme unakwenda kwenye kipande cha shaba, na hapo kila mwenye njaa anachota chake: redio, taa, mishale anayoisoma rubani. Betri kazi yake ni kuamsha injini na kungojea siku mbaya.

"Baba," ukasema, kwa maana nawe uliniita Baba, tukawa akina Baba wawili na hakuna mtoto, "betri ni ghala. Ghala halizai mahindi. Jenereta ikifa angani, rubani anazima kimoja kimoja, anabakiza kile cha lazima tu, ili ghala limfikishe chini. Hii usiikaushe kabisa. Imezeeka. Ikikauka hairudi."

Nilisikia. Nilijifanya najikuna mgongo, lakini nilisikia.

Halafu ukanionyesha fyuzi, uzi mwembamba ndani ya kioo. Nikauliza inafanya nini. Ukasema kazi yake ni kufa kwanza: waya ukizidiwa, yenyewe inaungua, ndege inapona. Nikasema basi fyuzi ya boma hili ni mimi, mzee, mwembamba, hata fisi hawezi kunitamani. Ulicheka mpaka ukakohoa.

Obiero. Mimi ndiye niliyekuwa fyuzi. Mpango ulikuwa huo. Homa ya siku tano ilinirukaje ikakufikia wewe?

Rubani wako, yule wa ndege ya daktari uliyokuwa ukiitunza, alikuleta mwenyewe kwenye jeneza mpaka uwanja wa Homa Bay. Ndugu zako walikupokea na lori la samaki lililooshwa mara tatu na bado likanuka ngege. Ungecheka. Mimi nilicheka, halafu nikashindwa kuacha, wakanishika mikono.

Tuliwasha magenga uani, ule moto wa matanga usiotakiwa kuzimika siku zote nne za mwanamume. Mvua ya saa tisa ikaja ikauzima siku ile ile ya kwanza. Kuni zote maji. Wazee wakaanza kutazamana, na mimi nikaingia simba yako, kwa mara ya kwanza, nikawasha taa yako na kuacha mlango wazi.

Mmoja wao akasema, "Taa si moto, jaduong'."

Nikamwambia, "Nenda uiguse." Akaigusa, akaruka, akapuliza vidole.

Kuni zilikauka kesho yake na magenga ikawaka tena. Lakini taa yako sikuizima. Kila nikinyoosha mkono kwenye swichi niliona kama ninakuzika mimi mwenyewe, mara ya pili. Siku nne, mchana na usiku. Siku tuliponyolewa vichwa kumaliza matanga iligeuka nyekundu kama kaa la mwisho, ikaondoka.

Mafundi wa Homa Bay walisema chaja yao ni ya betri za lori, volti kumi na mbili, na yako ni ishirini na nne. Wakanielekeza Suna, kwa fundi Mkuria aliyewahi kuwachajia wachimba dhahabu wa Osiri. Alikaa nayo siku mbili. Niliporudi alikuwa ameifuta vumbi vizuri, nikajua. Watu humfuta maiti vumbi.

"Mzee, hii iliachwa ikakauka," akasema. "Nani alifanya hivyo?"

Nikasema, "Mjinga mmoja wa kwetu."

Baada ya hapo nililala. Wiki nzima, uso ukutani. Mama yako alileta uji, akauondoa, akaleta tena. Yeye mwenyewe hakula, maana hawezi kula nisipokula. Mimi sikujali. Niliona ni haki yangu kukauka.

Kilichoniinua ni betri. Nilifikiri, kitu cha ndege kirudi kwa ndege. Nikaifunga kwenye baiskeli mpaka Homa Bay, siku ile ndege ya daktari huja. Rubani wako hakuipokea. Alinitazama mvi zangu zinavyoota upya, akasema, "Panda, mzee."

Mara ngapi uliniita nipande, nami nikajibu kwamba mimi si mwewe? Nikapanda. Alinikalisha pale ulipokuwa unakaa wewe. Akabonyeza, kukawaka taa nyekundu ya jenereta, injini ikakohoa, ikashika, mwendo ukapanda, na ile nyekundu ikazimika.

"Sasa inajilisha," akasema. Nawe uliwahi kuniambia hivyo: hiyo ndiyo taa pekee ambayo ikizimika ni habari njema.

Nilitamani nirudi nimwambie mama yako kwamba na ya simba ilizimika vivyo hivyo, kwamba umefika unapojilisha. Lakini hukunifundisha uongo wa umeme. Taa yako haikuwa ile. Ilizimika kwa sababu ghala liliisha, na aliyelimaliza ni mimi.

Ila niliporudi nilimkuta mama yako jikoni, na sufuria baridi, mikono yake imekuwa myembamba. Nikaona ninakoelekea kukosea tena: kukausha ghala jingine.

Basi sikiliza, Baba. Jenereta yetu imekufa na hatuna nyingine. Nimeanza kuzima kimoja kimoja. Ugomvi na jirani juu ya mpaka, nimezima. Busaa, nimepunguza, usinicheke. Kulala uso ukutani, nimezima. Jana niliomba uji nikanywa wote mbele yake, ulikuwa na moshi, nikauita mtamu, na yeye akachukua kijiko.

Simba yako haitatengenezwa, desturi unaijua, itaachwa ianguke yenyewe. Betri ndugu zako wameirudisha ndani, chini ya kitanda. Mimi siingii tena. Nasimama mlangoni.

Kwaheri, Obiero, baba yangu, mtoto wangu. Kilichobaki ndani yangu ni kidogo na kimezeeka, lakini sitakikausha. Nitamfikisha mama yako chini salama. Baadaye ndipo nitakuja, na wewe ndiye utakayenifungulia, ukae kitandani, uniulize siku ile nilikuwa najikuna nini mgongoni.