Nilizifuta Kazi za Orrin

Duluth, Machi 9

Shemeji Verna,

Theluji imeanza kuyeyuka, na paka uliyeniachia anakula vizuri.

Zile programu za mwanzo alizotuachia marehemu kaka Orrin, ambazo kompyuta zenye mifumo ya zamani huzihitaji ili zijitengenezee programu mpya, nilizifuta kwenye tovuti yake. Niliona zinajaza nafasi bure. Juzi mwalimu mmoja wa Manitoba akaniandikia akizitafuta. Darasa lake lina kompyuta kuukuu tu. Nikamdanganya kwamba diski imeungua.

Akanijibu, "Pole sana, ndugu yangu. Najua ulivyoitunza kazi ya kaka yako."

 Shemeji, kama bado una nakala za programu hizo, tafadhali nitumie. Nitazirudisha, na ukweli nitamwambia mwenyewe.

Ni mimi, kwa aibu,
Lowell