Mwanangu Alifuta Wimbo wa Dada Yangu Akarekodi Harambee

Mpendwa Mshauri,

Naomba unisome hadi mwisho kabla ya kunihukumu, kwa maana jambo hili nimeshalieleza kwa mchungaji, kwa mke wangu Gatwiri na kwa wazee wawili wa ukoo, na wote walinikatiza njiani wakaniambia kwamba kanda ya video ni plastiki na mtoto ni damu. Nilifundisha shule za msingi hadi nikastaafu, kwa hiyo tofauti ya plastiki na damu naijua. Ninachotaka kujua ni kama mzee ana haki ya kukasirika, na akiwa nayo, aikomeshe wapi.

Mimi ni mtu wa Mbeere, lakini nimeishi Meru mjini tangu lilipojengwa bwawa la umeme kwenye mto Tana na maji yakapanda polepole yakafunika kijiji chetu, nyumba ya mama, zizi, kaburi la baba na shamba la mawele. Jamaa zangu walisogea kwenye miinuko ya karibu na Kiritiri, mimi nikaja mpaka huku na mke na watoto kwa sababu ya kazi, nikajenga, nikazeeka, na watu wa hapa wamenitendea wema, ila hadi leo nikiongea Kimeru nawaona wanatabasamu kidogo, kama mtu anayesikiliza redio iliyotoka kidogo nje ya stesheni yake.

Miezi ya mwisho kabla ya maji nilikuwa na kamera ndogo, nikapiga picha kila nilichoweza: ghala la mama, jiwe la kusagia, mlango wa zizi, mama mwenyewe akinifukuza kwa sababu hakuwa amejifunga kitambaa. Picha hizo nilizihifadhi miaka yote bila kujua za nini. Nilipostaafu nikanunua kamera ya video iliyotumika, zile kubwa za kubeba begani, na nyumbani wote wakafurahi wakidhani nitapiga harusi. Nilipiga harusi chache. Halafu nikaanza jambo langu mwenyewe ambalo hakuna aliyenituma.

Nilikwenda Kiritiri kumchukua dada yangu mkubwa, Ciarunji, tukashuka pamoja hadi ukingoni mwa maji. Utotoni kazi yake ilikuwa kuamia ndege, yaani alikaa juu ya dungu katikati ya mawele, akiimba na kurusha udongo kwa kombeo ndege wasishuke. Nilimwomba aimbe wimbo ule ule akiwa ameelekea mahali lilipokuwa shamba. Wanawake waliokuja kuteka maji walisimama wakacheka, mmoja akaniuliza, "Mwalimu, maji yamekosa nini hata yapigwe picha?" Dada yangu hakugeuka, akamjibu, "Yamekalia shamba langu bila ruhusa." Kisha akaimba, akatia udongo kwenye kombeo, akauzungusha na kuurusha, nao ukaanguka majini pale pale, na hapakuwa na ndege hata mmoja.

Nyumbani nikaziweka zile picha za zamani mezani karibu na dirisha, nikazirekodi moja moja, nikisogea karibu taratibu hadi ghala likajaa kiooni, kisha nikaleta maji, kisha sauti yake, na chini ya sauti yake nikaweka gitaa langu, ambalo nalipiga tangu ujana na sijawahi kulipigia mtu. Nilikuwa nimeunganisha kamera na mashine ya video kwa waya, nikirudia kila nilipokosea, na kanda za kwanza nikizitumia tena kwa harusi kama wapiga video wote wa hapa wanavyofanya, mpaka ikabaki kanda moja iliyokamilika. Nilipoitazama nilijua kwamba kwa mara ya kwanza tangu nihame nimesema nilichotaka kusema, na sikukisema kwa Kimeru wala kwa Kiswahili wala kwa Kiingereza cha shuleni.

Unajua kwamba mgongoni mwa kanda kuna kipande kidogo cha plastiki, ukikivunja mashine inakataa kurekodi tena juu yake. Nilikivunja. Nikaandika juu ya kanda neno moja, "Yangu", nikaiweka kwenye kabati la sebuleni.

Kifungua mimba wangu, Mugendi, ni karani mjini na ni katibu wa kamati ya ujenzi wa kanisa. Siku ya harambee ya paa aliniomba kamera, nikampa pamoja na kanda mpya. Ile kanda ikajaa mgeni wa heshima akiwa bado hajasimama, kwa sababu walikuwa wamerekodi kila jogoo na kila mkungu wa ndizi uliopigwa mnada. Mugendi akaja nyumbani mbio, sisi tukiwa kanisani, akafungua kabati na kuchukua kanda yangu. Mashine ilipokataa, akachukua selotepu, akaziba lile tundu na kurekodi.

Niligundua siku nilipokaa kuitazama, nikamwona mgeni wa heshima akifuta jasho. Niliitazama yote nikiwa na tumaini, hotuba yote, na jogoo mwingine tena, na mwisho kabisa, harambee ilipokatika, kikatokea kipande kilichosalia cha kazi yangu: maji, na mkono wa dada yangu ukishuka. Sauti hakuna, kwa kuwa alikuwa ameshamaliza kuimba.

Nilimwita. Nikamuuliza kama hakuona kwamba kile kipande kimevunjwa.

"Niliona, Baba. Ndiyo nikaweka selotepu."

"Na hukujiuliza kwa nini kilivunjwa?"

Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemweleza mtoto. "Si ulikuwa umeshaiona, Baba?"

Kisha akasema ataninunulia kanda mpya, hata tatu, na kwamba kwa kweli ilikuwa ni maji tu, na Tata anafukuza ndege. Tata ndilo jina tunalomwita shangazi. Kwa hiyo alikuwa ameitazama kidogo kabla ya kuifuta, na alijua ni nani anayeimba.

Hapo nikasema maneno. Binti wa Mugendi, Lydiah, anatarajia wakwe mwezi wa nne, na mimi ndiye babu wa kunywa pombe ya asali na kumtemea kifuani kumbariki. Nilisema mbele ya Mugendi na mkewe kwamba sitamtemea, na kwamba mwanangu akinijibu neno moja zaidi nitatamka kirumi. Kwetu kirumi ni laana ya mzazi, haitamkwi kwa mzaha, na mtu anaweza kuitamka leo na kufa kesho kabla hajaiondoa, ikabaki kwa wajukuu. Tangu siku hiyo nyumba yangu haikosi wapatanishi. Lydiah mwenyewe amekuja, akalia, akaenda. Na juma lililopita Mugendi alimtuma mama yake aniambie kwamba kama sitabariki, basi angalau niwaazime kamera.

Dada yangu naye kila mara hutuma watu wa Kiritiri wanaokuja soko la Gakoromone hapa mjini na mazao waniulize lini nitampelekea ile video aione, nami nawajibu kwamba mashine imeharibika. Gitaa sijaligusa. Kamera nimeifunga kwa gunia.

Niambie, nitamke kirumi au ninyamaze nife nacho kooni? Na tafadhali usiniambie nisamehe kabla hujaniambia kama nina haki.

Mwalimu Mstaafu,
Meru, Februari 1996.


MSHAURI ANAJIBU

Mwalimu, una haki. Nimeanza na hilo kama ulivyoagiza, na silisemi kukutuliza, maana barua yako imenikasirisha hata mimi, na nimeletewa mengi hapa mezani.

Mwanao hakufanya kosa la bahati mbaya. Anayebandika selotepu ameona mlango umefungwa na akajua umefungwa. Na lile neno lake, "si ulikuwa umeshaiona", nataka wasomaji wote walisikie, kwa sababu wengi wetu tungelisema. Tumezoea video ya kukodi, unaitazama, unairudisha. Mbona hatumwambii mchungaji asiimbe wimbo fulani kwa kuwa ameshauimba? Mtu mzima amekaa na picha zake, gitaa lake na kumbukumbu yake akatengeneza kitu ambacho hakikuwepo duniani, na nyumba nzima inaona ni kanda tupu iliyochafuka. Wazee waliokuambia habari ya plastiki na damu wangefanyiwa hivyo kwa shamba la chai wangekuwa mahakamani.

Hiyo ilikuwa haki yako. Sasa keti, kwa sababu na wewe umenikasirisha.

Umeniandikia habari za zizi, waya, gunia na jogoo wa mnada, na karibu na mwisho, kama mtu anayetaja hali ya hewa, ukasema dada yako anatuma watu waulize. Nilirudia kusoma nikidhani nimekosea. Kumbe Ciarunji yuko hai. Unaomboleza sauti ambayo mwenyewe bado anaitumia kila asubuhi kuita kuku wake. Na mashine yako haijaharibika, Mwalimu. Umemdanganya mwanamke aliyesimama juani ukingoni mwa maji kwa ajili yako.

Tena nakuuliza, kanda hiyo ilipokuwa nzima kabatini, mbona hakuiona? Hukumpelekea yeye, hukumwonyesha Gatwiri, hukumketisha Mugendi. Uliandika "Yangu". Picha zilikuwa zako, gitaa lako, mpangilio wako, na ulistahili kujivunia. Wimbo haukuwa wako. Ulikifungia kitu chako mpaka hapakuwa na mtu nyumbani mwako wa kulia nawe kilipopotea. Hili halimsafishi Mugendi. Linaeleza tu kwa nini unalia peke yako.

Kirumi usitamke. Sikuambii hivyo kwa sababu nadhani ni ushirikina, nimekulia kwenye miinuko hii na najua uzito wake. Nakuambia kwa sababu si haki yako kukitamka. Sauti iliyofutwa ni ya Ciarunji, na yeye hajaulizwa hata anahisi nini. Na kumnyima Lydiah baraka ni aibu. Hakushika selotepu. Umechukua siku ya mtoto wa watu na kuweka hasira yako juu yake, kama vile mwanao alivyochukua wimbo na kuweka hotuba juu yake. Kama hupendi kulinganishwa naye, acha kumfuata.

Fanya hivi. Fungua gunia. Mwite Mugendi na umwambie mnakwenda Kiritiri, na kamera ataibeba yeye, begani, siku nzima, na betri pia. Asilete kanda tatu mpya kama zawadi, alete kanda kama vifaa vya kazi. Mkifika, atamweleza shangazi yake kwa kinywa chake na kwa Kimbeere alichofanya, na wewe utanyamaza, hata akieleza vibaya. Akimaliza, ni zamu yako kumwambia dada yako kwamba mashine ilikuwa nzima muda wote. Akiwakasirikia nyote wawili, kasirikiweni. Akidai mbuzi, Mugendi alete mbuzi, na asiwe kikonda.

Ndipo umuulize kama atakubali kuimba tena. Akikataa, usimbembeleze, mrekodi anavyokataa, maana kwa jinsi alivyowajibu wale wanawake naamini atakataa vizuri. Akikubali, usiitafute ile kanda ya kwanza. Haitarudi, sauti yake imezeeka na vidole vyako vimekaa bila kazi. Tengeneza nyingine, na hiyo hasira yako yote iingize kwenye gitaa, kule itafaa. Kanda za kwanza usizipeleke harusini safari hii. Toa nakala mbili, moja ikae Kiritiri hata kama hakuna umeme, kisha mkalishe Mugendi aitazame tangu mwanzo hadi mwisho bila kuinuka.

Mwezi wa nne utakunywa pombe ya asali na kumbariki mjukuu wako kama mzee mwenye akili zake. Kamera usimwazime baba yake, hilo sikulaumu hata kidogo. Akitaka video atafute mpiga video.

Jambo la mwisho. Katika kurasa zote hizi, wewe mtu wa kutaja kila kitu kwa usahihi, hukuniambia dada yako ana umri gani. Nadhani unaujua vizuri, na ndiyo maana kalamu yako iliuruka. Ondokeni kesho asubuhi.