Ngao ya Kijani

Kwako Kitindamimba wangu,

Natumai barua hii inakukuta mzima, unakula na unalala. Sisi huku hatujambo. Goti la mama yako linauma akiombwa kupanda ngazi tu; akienda kwa jirani haliumi. Mimi ni mzima kuliko daktari anavyotaka.

Kompyuta yako uliyotuachia, ile iliyogoma kuwaka na tasnifu yako ya miaka miwili tumboni, imefufuka. Nimeifufua mimi, kwa mikono yangu hii.

Haya, si mimi. Ni fundi, yule binti rafiki yako wa shule ya msingi. Mikono yangu ilishika kikombe cha chai.

Siku ya kwanza aliinamisha sikio akaisikiliza, akasema mafaili yako yangali salama, ila mashine imesahau namna ya kuamka. Dawa ni flashi ya kuiamshia. Kompyuta yake mwenyewe iko kwa mteja, kwa hiyo angeitengeneza flashi hiyo kwenye ile ya mama yako ya kuchapia barua za watu. Kwanza akazima antivairasi, ile programu ya kuzuia virusi, maana alisema huyo ni mlinzi mwenye wivu: akiona flashi inaandikwa vitu vya kuwashia mashine, anadhani ni wizi, anavifuta. Kazi ikaanza, fundi akatoka kupokea simu. Aliporudi imegoma. Akamlaumu muuza flashi.

Kesho yake akaja na flashi mpya. Ikagoma vilevile, na antivairasi akaikuta iko macho, ilhali aliizima mwenyewe. Akasema programu za siku hizi zina kiburi, zinajiwasha zenyewe. Nikatikisa kichwa, nikasema dunia imeharibika.

Siku ya tatu ikagoma tena. Fundi akasema lililobaki ni kuifuta mashine yako yote na kuanza upya, na kwamba atakupigia akuombe ruhusa. Mama yako akaacha kupanga barua za wateja wake. Akauliza kama yatafutika hata yale uliyokuwa ukiyaandika pale mezani, miguu yako ikiwa kwenye beseni la maji. Fundi akajibu kwamba yote. Mama yako akaingia chumbani akafunga mlango. Tangu nimuoe sijamwona akiufunga mchana.

Sasa nisikilize, na usicheke mapema. Kwenye kompyuta yake mama yako alinipa kazi moja tu: kuangalia kale kapicha ka ngao ya antivairasi pembeni kabaki kijani, na kakiwa kekundu nikabonyeze. Mimi ni bawabu. Nimelinda geti la kiwanda miaka thelathini na moja, na mwenye kiwanda mwenyewe nilimzuia alipokuja bila kitambulisho. Ningevumiliaje kuona mlinzi mwenzangu amelazwa usingizi huku mgeni anaingiza mzigo? Kila fundi alipotoka, nilibonyeza.

Siku ya kwanza sikujua nafanya nini. Ya pili nilishuku. Ya tatu nilijua, mwanangu, nikabonyeza tena, maana kuacha kungekuwa kukubali kwamba ni mimi. Kidogo nikuteketezee miaka miwili kwa kuogopa kuchekwa na binti niliyekuwa nikimfuta makamasi. Nisamehe. Hilo si la utani.

Mlango ulipofungwa nilimwomba fundi ajaribu mara moja ya mwisho, nikadai nina bahati na flashi. Ngao ikawa nyekundu. Akatoka. Nikaikalia mikono yangu yote miwili, nikautazama ukuta dakika ishirini. Kulinda geti kulikuwa rahisi kuliko hapo.

Flashi ikakamilika, kompyuta yako ikaamka. Kurasa zako zipo zote. Mama yako amezihesabu mara mbili, mia na tisini na tatu. Fundi anaamini flashi ilihitaji kupumzika. Mama yako anaamini ni dua zake, nami simnyimi.

Nakala imo kwenye flashi ndani ya bahasha hii. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu mama yako kila simu anaiweka sauti ya nje. Anakusalimu sana, na fundi pia.

Lipo deni dogo. Ulipokuwa na miaka sita uliipasua redio ya mama yako ukiwatafuta watu waliomo ndani, nami nikasema nimeiangusha mimi. Tangu hapo natambulishwa hivyo kwa wageni, na sijawahi kukudai. Leo nadai. Mama yako akikuuliza, ilikuwa flashi.

Ni mimi baba yako,
Mvunja Redio