Nilivisogeza Vinyunyizio, Lawama Zimemwangukia Binti Yangu

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na kama umenizidi umri shikamoo yako hii hapa, kama hujanizidi basi itikia marahaba mwenyewe tuendelee, maana mimi ni mzee wa darasa la nne, la tano nililichungulia dirishani tu, lakini mitaro ya maji nimechimba miaka thelathini na miwili, bustani zote za wakubwa unazoziona kijani ni mgongo wangu, na kwa mgongo huohuo nimemsomesha binti yangu mpaka amekuwa mchoraji wa bustani kwenye kompyuta, kampuni ileile ninayoichimbia mimi.

Sasa sikiliza. Kwenye hiyo programu yake akiweka kinyunyizio kimoja linatokea duara kuonyesha maji yake yatafika wapi, halafu kinachofuata kinajivuta chenyewe kukaa juu ya mstari wa duara la mwenzake, hatua nne kutoka hapo. Nikamwambia, "Mwanangu, umevipanga vimwagiliane vyenyewe? Kwani vinaota?" Akasema, "Baba, ndivyo inavyotakiwa, maji ya huyu yafike miguuni kwa huyu, la sivyo katikati patakauka." Nikamwambia hata sahani mezani hazipandiani. Hapo bosi akadakia mbele ya vibarua wote, "Mzee, wewe chimba tu, kichwa anacho binti," vibarua wakaangua kicheko, na binti yangu, mshauri, naye akacheka.

Kicheko kile kilinikaa kooni siku tatu, na siku ya kuvifunga kwenye ua wa hospitali, binti yuko kazi nyingine, ramani yake nikaikunja nikaikalia, nikaweka kinyunyizio kila baada ya hatua nane, duara liguse duara basi, vilivyobaki nikavirudisha stoo, mtunza stoo akanisifu, nami nikatembea kifua mbele kama jogoo aliyetaga.

Mvua zilipokatika ndipo nyasi zikanisuta. Ua mzima wa hospitali una viraka vya manjano kama kichwa chenye mapunye, bosi anasema mchoro ni mbovu, na binti ameambiwa arudishe kompyuta Ijumaa asionekane tena. Aliulizwa kwa nini hakuja kupima baada ya sisi kufukia, akajibu, "Mtaro wa baba sina haja ya kuupima." Sasa anashinda mezani akiikagua miduara upya mmoja mmoja, na jana kaniuliza, "Baba, nimekosea wapi?" nikamjibu, "Kompyuta hizo, mwanangu, si za kuamini."

Nifundishe maneno ya kumwambia bosi asimfukuze, ila mimi nisitajwe, maana nimebakiza miaka miwili nistaafu, na uzee huu nani ataniajiri?

Mchimba Mitaro

JIBU

Marahaba nimeitikia, mzee wangu, na nimecheka mara mbili kabla sijafika kwenye zile nyasi. Hapo kicheko kikaniisha.

Bosi wako hana adabu, hilo nakubaliana nawe. Na binti kucheka hakukupendeza. Lakini mwajiriwa, bosi wake akitania, afanye nini kingine? Ungemwambia jioni ileile, "Mwanangu, umeniumiza," mngeyamaliza kwenye chai. Wewe ukalipiza kimyakimya, tena kwa mkono anaouamini kuliko futi ya kupimia. Na lile jibu lako la kompyuta ni baya kuliko mtaro wenyewe. Mtaro uliuchimba ukiwa na hasira. Jibu ulilitoa hasira zimekwisha, mtoto yuko mbele yako anakuuliza kosa lake.

Unataka kumtoa mtu mtoni bila wewe kulowa. Maneno ya namna hiyo sina. Halafu unaita siri jambo ambalo mtunza stoo analijua nusu yake! Siku akiulizwa vinyunyizio vingapi vilirudi, binti atajua kutoka kwa watu, na hapo mimi usiniandikie.

Leo, usingoje Alhamisi, mwambie yeye kwanza: "Mchoro wako ni sahihi. Mimi ndiye niliyevisogeza." Ishia hapo. Usimtaje bosi, usiutaje mgongo uliomsomesha. Kesho asubuhi nendeni wote kwa bosi, mpeleke kwenye ua ule, upime kutoka kinyunyizio hadi kinyunyizio mbele ya vibarua walewale waliokucheka, useme ramani ilisema nne ukaweka nane. Kisha omba ufukue wewe mwenyewe. Ukifukuzwa, umefukuzwa kwa kosa lako. Yeye alikuwa anafukuzwa kwa kosa lako pia, tofauti ni kwamba hakulijua.

Usimwombe binti akusamehe siku hiyohiyo, utakuwa unamwongezea kazi. Nakujua kwa barua moja tu: kimya chake kitakuwasha, utatafuta utani wa kukivunja. Usimchekeshe. Kaa hapohapo, mzee wangu, unyamaziwe.