Kuku wa Shingo Tupu wa Georgette

Kikula, Likasi
Tarehe 7 Desemba 1975

Mpendwa shemeji yangu Albertine,

Pokea salamu kutoka kwangu na kutoka katika nyumba hii uliyoishi ulipokuwa msichana wa shule. Kwenye bahasha nimeandika Ngoie, jina lako la asili badala ya lile la Kizungu, kama serikali inavyotaka siku hizi, ili mtu wa posta asisumbuke. Humu ndani utaniruhusu nikuite kama dada yako alivyokuita.

U hali gani? Kile kikohozi kimekuacha? Mumeo Mathieu bado anafanya kazi bandarini, na miguu yake haivimbi tena? Watoto wanasoma? Nilikutana stesheni na mtu aliyetoka Kalemie, akaniambia mvua za huko zimeanza kwa nguvu na barabara ya soko imekatika. Nilimuuliza kama anakujua. Hakukujua, lakini tuliongea kidogo hata hivyo.

Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Magoti hulalamika asubuhi, kisha hunyamaza. Mwanangu Germain yuko Kolwezi na kazi yake. Huja inapowezekana, na haiwezekani mara nyingi. Nyumba ni kubwa kuliko nilivyofikiri. Wakati ule tulipobanana humu sote sikujua kwamba ina mwangwi.

Sasa nikupe habari iliyonifanya nichukue kalamu, nayo ni ya kuku wa dada yako Georgette.

Unawakumbuka, wale wa shingo tupu, wa rangi ya majivu, ambao mama yenu aliwafuga Kapolowe. Mwezi wa tisa, joto lilipopanda, kideri kiliingia Kikula. Ni ugonjwa usio na huruma: kuku huinamisha kichwa asubuhi, jioni anazungusha shingo kama anayetafuta kitu kilichoanguka, na kesho yake unachimba shimo. Niliwazika wote nyuma ya choo. Majirani nao walizika wao. Kwa wiki nzima hapakuwa na jogoo hata mmoja wa kutuamsha, tukabaki na king'ora cha kiwanda peke yake.

Kilichobaki ni kikapu cha mayai jikoni, yaliyotagwa kabla ya ugonjwa kufika kwetu. Lakini yai bila kuku wa kulilalia ni chakula tu, na katika mtaa wote hapakuwa na kuku wa kuazima. Basi nikaamua kutengeneza mashine ya kuangulia.

Usicheke. Si jambo gumu, nitakueleza. Kuku anayelalia hufanya mambo manne: anatoa joto, anatunza unyevu, anageuza mayai kwa mdomo, na anasimama kidogo ili yapate hewa. Ukiweza kufanya hayo manne, yai halitauliza kama una manyoya. Unachukua sanduku la mbao, unalipigia matundu madogo ya hewa, unaning'iniza balbu ya umeme juu, unaweka bakuli la maji chini na kipimajoto pembeni. Joto likizidi nyuzi thelathini na nane, unainua kifuniko kidogo. Kila yai unalichora kwa penseli, msalaba upande huu na duara upande ule, ili ujue umeligeuza. Miaka yangu yote ya maabara kiwandani nilifanya kazi ngumu kuliko hiyo.

Casimir, rafiki yangu tuliyestaafu pamoja, alikuja akakuta nimepiga magoti mbele ya sanduku. Akasimama mlangoni, kofia mkononi. “Benzako bakifiwa banatafuta bibi mwingine,” akasema. “Weye unalalia mayai.”

Nikamjibu kwamba mayai hayaombi nguo mpya. Alicheka mpaka akakaa chini. Hajarudi tangu siku hiyo. Ameoa, na mke mpya ana shughuli.

Sanduku lilikuwa zuri, mbao nene, misumari imara. Ni moja ya yale tuliyoruhusiwa kuchukua kiwandani zamani, yaliyoleta dawa za kuoshea madini. Unajua hapa Likasi hakuna nyumba isiyo na kitanda au mlango uliotokana na masanduku hayo. Niliyapanga humo mayai karibu yote. Machache hayakupata nafasi, nikayaacha kikapuni.

Baada ya wiki moja niliyapima. Unashika yai mbele ya taa katika chumba chenye giza: likiwa hai utaona mishipa myembamba imetawanyika kama mizizi. Mimi niliona pete ya damu, na ndani ya pete hakuna kitu. Yai la pili vivyo hivyo. La tatu vivyo hivyo. Nikaangalia kipimajoto, nikaangalia maji, nikafuata hesabu zangu zote tangu mwanzo. Hapakuwa na kosa.

Jumapili hiyo Kibibi, jirani yetu, mjane wa yule dereva Ramazani, aliniletea sombe, majani ya muhogo ya kupika. Alifika mlangoni akajifunika pua kwa kitambaa cha kichwa.

“Tata Lambert, humu ndani muko harufu gani? Unaangulia mayai ao unapika asidi?”

Nikamwambia mimi sisikii harufu yoyote.

“Weye hausikie? Minye tokea ku barabara inanipiga mu pua. Ni ile sanduku yako.”

Albertine, ndipo nilipoelewa. Mbao zilikuwa zimekunywa dawa miaka mingi iliyopita, na joto la balbu liliitoa, na vifaranga waliivuta kupitia ganda. Ganda la yai linapumua, hilo nililijua vizuri. Nisilolijua ni kwamba pua yangu imekufa. Sisi tuliofanya kazi kiwandani pua zetu hufa taratibu, na hatupati habari, kwa sababu nyumbani kuna mtu wa kutuambia mchuzi umeungua au koti linanuka. Dada yako ndiye aliyeninusia miaka hiyo yote. Wiki nzima nililala katika moshi ule nikiona nyumba yangu ni safi.

Nililipasua sanduku lile, wala sikulifanya kuni. Nilitafuta lingine. Katika nyumba hii lilikuwepo moja tu ambalo halikutoka kiwandani, nalo ni sanduku la nguo la Georgette. Sikuwa nimelifungua tangu matanga. Nilimwomba Kibibi awepo, maana si vizuri mwanamume kutoa nguo za marehemu mke wake peke yake. Tulitoa vikwembe, vile vitenge vyake vya kujifunga, kimoja kimoja, tukavikunja juu ya kitanda. Nikamuuliza, na lenyewe lina harufu?

Akainamisha kichwa ndani, akanusa. “Muko sabuni na mafuta ya nywele,” akasema. “Muko Mama Georgette mwenyewe.”

Alipoondoka niliinamisha kichwa changu pia. Sikusikia chochote.

Nililipigia matundu, Mungu anisamehe, kisha nikaweka yale mayai machache. Yalikuwa yameshazeeka. Yai likikaa muda mrefu bila kuatamiwa nguvu yake hupungua, kama mbegu iliyosahauliwa. Siku zake zilipotimia moja tu lilitoboka. Nilikaa nalo tangu asubuhi hadi jua lilipoinama. Hairuhusiwi kulisaidia, kifaranga akivutwa hutoka damu. Alitoka mwenyewe, shingo wazi na nyekundu, mbichi, mbaya wa sura, hasa kama wale wa mama yenu.

Kifaranga wa peke yake hulia. Halii njaa wala baridi, maana vyote nilikuwa nimempa. Nilimtembeza ndani ya koti, akanyamaza kila nilipoongea. Kwa hiyo niliongea. Nilimweleza namna shaba inavyotengwa na kobalti. Hakuna mwanafunzi wa maabara aliyenisikiliza vizuri hivyo.

Sasa amekua. Upanga wake wa kichwani umeshakuwa mwekundu na juzi alijaribu kuwika, kwa hiyo hakuna shaka tena: ni jogoo. Na jogoo bila jike, shemeji, ni mwisho wa ukoo wenye sauti kubwa.

Kibibi anasema nimpe majike weupe wa ranchi, wale wanaouzwa sokoni. Nimefikiri. Watoto watakuwa na shingo wazi, ndiyo, ila watakuwa na kishada cha manyoya chini ya koo, na hicho ndicho kinachotambulisha waliochanganyika. Tena wale weupe hawajui kulalia. Hutaga na kuondoka. Baada ya vizazi viwili vitatu hawatakuwa tena kuku wa Georgette, watakuwa kuku tu.

Hapa ndipo ninapokuja kwako. Siku ya ndoa yako dada yako alikukabidhi jike na jogoo ndani ya tenga, kama mama yenu alivyomfanyia yeye. Nakumbuka bibi yenu alisema mbele ya wakwe kwamba nyumba ikizimikiwa moto, huenda kuuomba kwa ndugu. Wazee hawakutoa kuku wale kwa ajili ya mchuzi wa bibi harusi. Waliugawa ukoo, ili ugonjwa ukiingia ua mmoja usimalize yote. Je, bado unao, hata jike mmoja tu?

Kama unao, ningeweza kukuomba mayai. Yangefungwa moja moja katika pamba, ncha nyembamba chini, ndani ya ndoo yenye maranda. Lakini gari moshi huweza kulala Kabalo siku nyingi likisubiri, na wewe unalijua. Ndilo lililokuzuia kuja kumzika dada yako, na sijawahi kukulaumu hata siku moja. Mayai yatachoka njiani. Ni afadhali jike mwenyewe, na jike hapandi gari moshi bila mtu.

Chumba chako kipo. Vikwembe vya Georgette bado viko juu ya kile kitanda, sijavigawa, maana wa kuvigawa ni wewe. Mwombe Mathieu ruhusa. Mwambie ni shemeji yake anayeomba, ambaye hajawahi kumwomba kitu.

Na kama hata huko kwako kuku wale wamekwisha, tafadhali usiniandikie hivyo. Njoo uniambie.

Nisalimie Mathieu, Élise na wadogo zake, na mama mkwe wako, ambaye natumaini bado anavuta kiko chake. Kibibi anakusalimu, na Germain angekusalimu kama angekuwepo. Mungu aliyekulinda ziwani akulinde pia relini, na milango utakayoipita ifunguliwe na watu wema.

Ni mimi nikupendaye kama mtoto niliyemlea,
shemeji yako,
Lambert