Sentensi Moja Uliyoninyima

Kwako Kulwa, pacha wangu,

Mwangaluka. Najua huko Mwanza siku hizi wanakuamkia kwa kukuita mhasibu, lakini mimi nitakuamkia kwa Kisukuma, kama tulivyoamkiana tangu tujue kusema. Habari zako sitauliza, maana ninazo. Nilizisikia Jumapili ile uliporudi Bariadi kwa siku mbili, ukasimama mbele ya kanisa zima na leso mkononi, ukatoa ushuhuda kwamba umefaulu mitihani ya bodi ya uhasibu, ngazi ya kati, kwa kujisomea mwenyewe, bila tuisheni, bila mwalimu, kwa neema tu. Watu wakapiga makofi. Mama mmoja wa mbele akapiga vigelegele. Mimi nilikuwa benchi la tatu, upande wa dirisha, na mikono yangu ilibaki mapajani. Uliniona. Ukahamisha macho ukaiangalia kwaya.

Ndiyo maana barua hii sijaitia kwenye bahasha. Wewe ulisema mbele za watu, na mimi naandika mbele za watu.

Unazikumbuka zile kandambili? Tulikuwa darasa la pili. Mjomba alikuja kijijini kwetu Mwamapalala na jozi moja ya kandambili za bluu, akakupa wewe kwa sababu ndiwe uliyekimbia kumpokea mzigo. Mama hakugomba. Alikuvua moja ya kushoto akanivisha mimi, akasema kwao mapacha hawapewi hivyo, ukimpa mmoja umemnyima mwenzake, na aliyenyimwa ataugua. Tukaenda kanisani kila mmoja na mguu mmoja wa kandambili na mguu mmoja mtupu. Watu walicheka mpaka mjomba akaona aibu, wiki iliyofuata akaleta jozi nyingine. Mimi sikuona aibu. Nilijiona mtu ambaye hawezi kusahaulika, kwa sababu kila kitakachoingia mkononi mwako kitakatwa katikati.

Nimekua nikiamini hivyo, Kulwa. Hilo ndilo kosa langu.

Hata kitabu cha kujiandaa na mitihani hiyo ya bodi tulikikata. Kilikuwa kimoja, kinene, tulikipata kwa mtu wa Mwanza aliyekuwa anahama. Wewe ndiwe uliyepitisha wembe kwenye mgongo wake tukiwa tumekaa mkekani chumbani kwetu Somanda, hapa Bariadi, halafu ukashona kila nusu kwa sindano ya magunia na uzi wa pamba uliotoka nao kazini kwako, kiwandani. Ukachukua nusu ya pili, ukasema ni ngumu, mkubwa ndiye wa kubeba kizito. Mkubwa wa dakika ishirini! Nilicheka, nikapokea nusu ya kwanza.

Tulikuwa na utaratibu wetu, na naona fahari kuusema hata leo. Kila Jumapili baada ya ibada mwalimu mkuu wa shule ya jirani alitufungulia darasa la tano. Mmoja anashika chaki, mwingine anakaa dawati la mbele, magoti yakigonga mbao. Ukianza kipindi unaniamkia kama darasa zima, nami nasimama kuitikia peke yangu. Mitihani ya nyuma tuliipakua kwenye simu, tukaichapa steshenari, tukaifanya kwa saa tatu kamili, kisha tukasahihishana kwa kufuata ripoti za watahini, na wewe ulikuwa mchoyo wa alama kuliko bodi yenyewe. Sheria yetu ilikuwa moja. Anayefundishwa haruhusiwi kufungua nusu ya mwenzake. Uliiweka wewe, ukieleza kwamba mtu akijua kitabu kipo hasikilizi kwa makini. Niliona ni busara. Mpaka leo sijui kama wakati ule ilikuwa busara kweli au ulikuwa umeanza kunificha.

Hapana, ulikuwa hujaanza. Nikubali hilo. Siku uliyonifundisha ukodishaji ulikuwa bado wangu. Ulichora trekta ubaoni, baya, matairi kama sufuria, ukasema chukua kampuni ya Migato imekodi trekta kwa miaka minne. Trekta si lao, kwa hiyo kwenye mizania yao, ile orodha ya mali na madeni, halionekani, wanaandika tu gharama ya kukodi kila mwaka. Nikauliza, hata kama wanalitumia miaka yote hiyo? Ukajibu hata kama. Kitabu ndivyo kilivyosema, na wewe ulikuwa unanipa kitabu. Katika mitihani ya nyuma tuliyoipata swali la ukodishaji halikuwamo, kwa hiyo hakuna kilichotusahihisha.

Halafu mhasibu mmoja wa ofisini kwako akaleta habari za darasa la tuisheni Mwanza, la kila Jumamosi. Tulilijadili ukiwa bado na chaki vidoleni. Ukasema, "Tukienda, tunaenda wawili. Mmoja hapana." Nikasema amina, na tukarudi kwenye swali.

Wiki chache baadaye shangazi wa Nyashimo akaanza kuumwa mguu.

Kila Jumamosi alfajiri uliondoka na basi kwenda kumwangalia. Mimi nilikuwa nabaki na hesabu za chama chetu cha wakulima, maana msimu wa pamba ulikuwa umefunguliwa na karani kama mimi hapati Jumamosi ya mapumziko. Kila Ijumaa nilikufungia mfuko wa michembe ya viazi vitamu, ile mikavu myeupe anayoipenda shangazi, nikakuagiza umwambie nampa pole. Ulikuwa unaupokea mfuko kwa mikono miwili. Nyashimo iko njiani kwenda Mwanza, kwa hiyo sitasema ulidanganya safari nzima. Ulidanganya kituo cha kushukia.

Wiki ya mwisho kabla ya mtihani tulipitia nusu yako. Ulikuwa umekaa juu ya meza ya mwalimu, miguu inaning'inia, kile kitabu umekikumbatia kifuani. Nikakuelezea ukodishaji wote, na trekta, na kampuni ya Migato, na gharama ya kila mwaka. Nilieleza bila kukwama hata mara moja. Ukaniangalia, nikadhani unanionea fahari.

Ukasema, "Hapo uko vizuri. Tuendelee."

Nimerudi kwenye siku hiyo mara nyingi kuliko siku nyingine yoyote ya maisha yetu. Kwa sababu, Kulwa, siku hiyo ulikuwa unajua.

Mwanza, kwenye mtihani, swali lilikuja. La pili, la lazima, kampuni imekodi mitambo kwa miaka mitano. Nilitabasamu mle ndani. Nikaandika kurasa mbili safi, nikapiga mstari kwa rula, nikatoka nikiwa mwepesi, nikasimama uani kukusubiri utoke chumba kingine. Ndipo akanijia msichana mmoja mwenye miwani, sijawahi kumwona, akanishika bega kama tumelala kitanda kimoja. Akasema, "Kulwa, si unaona? Mwalimu alisema ukodishaji hautakosa. Umekumbuka kuiweka mizaniani, siyo ule utaratibu wa zamani?"

Tumechanganywa tangu utotoni, na siku zote tulikuwa tunawasahihisha watu. Siku ile sikumsahihisha. Nilijibu kwa jina lako. Nikasema nimekumbuka. Yeye akaendelea kuniambia, akidhani ananikumbusha, jinsi mwalimu alivyorudia Jumamosi tatu nzima kwamba kanuni ya kale ilishafutwa, kwamba siku hizi ukikodi kitu kwa miaka mingi ile haki ya kukitumia inahesabiwa mali yako na inaonekana, na vitabu vya zamani ni vya kufungia maandazi. Halafu akacheka, akaniuliza mbona leo sikuleta michembe, darasa zima limeizoea.

Ukatoka. Ukatuona tumesimama wawili. Ukapunguza mwendo.

Tulipanda basi la kurudi, tukapita Nyashimo. Hapo ndipo ulipoeleza, ukiangalia dirishani. Kwamba bosi wako alipata nafasi ya mtu mmoja akakuchagua wewe. Kwamba ungeniambia ningeumia, na ungekataa ungekuwa mjinga. Kwamba ulipanga kunieleza baada ya mtihani. Nilikusikiliza mpaka mwisho, huku bado nafikiria ile michembe.

Jibu ninalo sasa. Nafasi sikuitaka, Kulwa. Ungekwenda. Ningekupangia nguo, ningekupakia chakula cha njiani. Ningekaa Jumapili dawati la mbele unifundishe chochote ulichokuwa tayari kunipa, na usichotaka kunipa ungekaa nacho. Nilihitaji sentensi moja. "Doto, hiyo sura imepitwa na wakati." Basi. Ungeisema ukivaa viatu. Ungeisema ukipokea mfuko wa michembe, mikono yako ikiwa imegusana na yangu. Ulikuwa na Jumamosi zote hizo za kurudi nayo, na kila mara ulirudi na salamu za shangazi.

Kumbe shangazi alikuwa hajakuona tangu kabla ya msimu wa pamba. Nilikwenda mwenyewe kumwona. Mguu wake ni mzima, analima.

Matokeo yalipotoka wewe ulifaulu masomo yote, mimi nikakwama somo hilo moja, na bila hilo ngazi haikamiliki. Chama chetu kilikuwa kinasubiri matokeo yangu kunipa kiti cha mhasibu. Kimepata mtu mwingine, kijana mpole wa kutoka Iringa, ninampelekea faili. Wewe wakakuhamishia Mwanza. Mama alikupigia kukupongeza, akakuuliza kuhusu mimi, ukamjibu kwamba Doto bado. Bado! Kama mtu aliyechelewa basi. Mama, kwa desturi yake, akachinja kuku wawili. Akanipigia niende kula wa kwangu. Nilikwenda Mwamapalala, nikakaa mbele ya kuku mzima, na Mama akasema, "Kula, mayu, mwanangu. Hakuna wa mmoja hapa." Hajui. Sikumwambia, na leo najua atajua, kwa sababu kuna mtu atamsomea hii. Nisamehewe kwa hilo. Nimechoka kukutunzia siri.

Ulipohama uliacha ile nusu yako ya kitabu chini ya kitanda. Nilikaa nayo wiki mbili bila kuifungua, sheria ilikuwa bado imenishika, ujinga gani huu. Nilipoifungua nikaenda moja kwa moja kwenye sura ya ukodishaji. Umepiga alama kubwa ya mkasi kwa kalamu nyekundu, kutoka kona hadi kona, na juu umeandika kwa mwandiko wako wa kulala: IMEFUTWA. Kwa hiyo hukusahau. Hukughafilika. Ulijiandikia wewe onyo, ukakikumbatia kifuani nisilione, ukaniambia niko vizuri.

Nililia, nisijifanye jasiri. Nililia kama siku tuliyomzika Baba, na siku ile angalau nilikuwa na wewe.

Narudia somo hilo mwezi ujao. Bado natumia darasa la tano, nafundisha madawati matupu. Msichana mmoja wa kwaya, aliyeguswa sana na ushuhuda wako, alinijia kuuliza mtu anawezaje kufaulu bila tuisheni. Sikukuchongea. Nilimwambia inawezekana, kanuni mpya zinapatikana bure mtandaoni, kinachotakiwa ni kuanza kwa kuhakikisha kitabu chako ni cha lini, na kusoma kwa macho yako mwenyewe hata unapofundishwa na unayempenda. Alidhani natania.

Sasa nifike kwenye lililonikalisha kuandika. Wiki iliyopita Mama amenipigia. Amesema mwenzangu anaingia ngazi ya mwisho, kazi imembana, anaomba zile notsi zangu za kodi. Umepitia kwa Mama kwa sababu unajua mimi nisingepokea simu yako. Na umeomba za kodi kwa sababu unajua ndilo somo nililokuwa nakushinda.

Nina madaftari mawili, Kulwa. La mwaka jana, na la mwaka huu nililoliandika kwa ajili ya hesabu za chama, maana sheria ya kodi haikai, kila mwaka bunge linagusa vifungu. Kwa nje yanafanana, yana jalada la kijani yote mawili. Nilitia la mwaka jana kwenye mfuko. Nikaufunga. Nikaupeleka mpaka stendi, nikampa kondakta, akaniuliza jina la mpokeaji, nikalitaja. Nilitaka uingie kwenye chumba cha mtihani ukitabasamu. Nilitaka uandike kurasa mbili safi na upige mstari kwa rula.

Basi lilikuwa limeshaanza kunguruma nilipounyoosha tena mkono wangu nikamwomba kondakta anirudishie mfuko. Usidhani ni upendo. Nilijiona naingia nyumbani kwa Mama, ananiuliza kama nimempa mwenzangu, nami nasema ndiyo nikiangalia chini. Uso huo naujua. Nimeuangalia mkekani kwetu Ijumaa nyingi, ukipokea mfuko, na kwa bahati mbaya unafanana na wangu.

Kwa hiyo daftari utakalolipata ni la mwaka huu, lote, sijaruka ukurasa. Sijakusamehe, na usinipigie. Ukifika katikati utakuta sehemu tatu nimeandika pembeni kwa kalamu nyekundu: "Kulwa, kifungu hiki kimebadilika, usitumie cha zamani." Ni sentensi moja. Niliziandika zote tatu nikisubiri chai ichemke, na ilikuwa bado haijachemka nilipomaliza.

Mimi niliyekuja nyuma yako,
pacha wako, Doto.